Taa ya tatu isipowaka: Kutafuta hitilafu katika magurudumu ya ndege ya kujiundia

Na Mwandishi Wetu, Kyela

TUCHUKUE mfano wa ndege ndogo ya viti viwili, iliyoundwa na mmiliki wake mwenyewe katika karakana yake kwa muda wa miaka kadhaa, ikiwa angani juu ya Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Upande mmoja imesimama Milima ya Livingstone kama ukuta. Upande wa pili limetandazwa bonde la mpunga na kakao la Kyela. Rubani anasogeza mkono wa kushushia magurudumu. Sauti ya pampu inasikika, kisha inanyamaza. Taa mbili za kijani zinawaka. Ya tatu haiwaki.

Je, gurudumu la tatu halikushuka? Au limeshuka na kufungwa sawasawa, ila taa yake ndiyo iliyoungua? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama rubani atatua salama, au ataikwaruza ndege aliyoitolea jasho la miaka, au atapoteza maisha kwa kuhangaikia kitu ambacho hakikuwa na kasoro yoyote.

Jambo hili si la mbali na wakazi wa ukanda huu. Katika mji wa Tunduma, fundi mmoja alivuta macho ya taifa kwa kuunda helikopta katika karakana yake. Ng'ambo ya Mto Songwe, nchini Malawi, fundi wa kuchomea vyuma wa Wilaya ya Dowa alifanya hivyo hivyo. Nchini Uganda, mwaka 2011, Chris Nsamba na vijana wenzake walionyesha ndege waliyokuwa wakiiunda uani mwa nyumba jijini Kampala. Mjini Morogoro, kampuni ya Airplanes Africa Limited ilianza kuunganisha ndege ndogo za Skyleader zenye asili ya Jamhuri ya Cheki. Ari ipo. Linalohitajika ni elimu ya kuilinda ari hiyo isiishie kwenye msiba.

Kwa nini magurudumu yakunjwe

Ndege ndogo nyingi zinazotumika nchini, kama vile Cessna 206 na Cessna Caravan, zina magurudumu ya kudumu. Hayapandi wala hayashuki, na kwa viwanja vya udongo na changarawe hilo ni jambo la busara, kwa kuwa kisichosogea hakikwami.

Hata hivyo, gurudumu linaloning'inia angani hupambana na upepo muda wote wa safari. Likikunjwa ndani ya bawa au kiwiliwili, ndege huenda kasi zaidi kwa injini ile ile na mafuta yale yale. Hiyo ndiyo sababu baadhi ya ndege zinazouzwa kama vifaa vya kuunganisha nyumbani, mathalani Lancair na Glasair za Marekani, zimetengenezwa zikiwa na magurudumu yanayokunjwa. Gharama yake ni uzito, fedha, na mtambo mmoja zaidi wa kuutunza.

Mitambo hiyo ni ya aina tatu. Ya kwanza ni ya mkono: rubani huvuta wenzo au huzungusha mpini. Ndege ya Long-EZ, iliyobuniwa na Burt Rutan, hukunja gurudumu la mbele tu, na kazi hiyo hufanywa kwa mpini. Ya pili ni ya mota ya umeme inayozungusha parafujo ndefu, ambayo husukuma au kuvuta mguu wa gurudumu. Ya tatu, iliyo maarufu katika ndege za kasi, huchanganya umeme na haidroli: mota huendesha pampu, pampu husukuma oili katika silinda, na pistoni ya silinda huukunja au kuunyoosha mguu. Fundi aliyewahi kutengeneza tipa au greda anaujua mtambo huu kwa nusu.

Nusu ya pili ni kufuli. Mguu ukishashuka haupaswi kutegemea nguvu ya oili pekee kusimama. Kwa kawaida huwa na kiwiko cha vyuma viwili, ambacho hunyooka hadi kuvuka kidogo mstari ulionyooka. Ni kama goti la mtu aliyesimama: likinyooka kabisa hubeba mzigo bila kuchoka, likipinda kidogo tu hukunjika. Kando ya kiwiko hicho huwekwa swichi ndogo. Kiwiko kinaponyooka huibonyeza, na swichi ndiyo iwashayo taa ya kijani mbele ya rubani.

Taa si mguu

Hapo ndipo lilipo somo kuu la makala haya. Taa haimwonyeshi rubani mguu ulivyo. Humwonyesha swichi inavyosema, kupitia waya, soketi na balbu. Kati ya mguu na jicho la rubani wapo mashahidi wanne, na yeyote kati yao anaweza kusema uongo.

Historia ya usafiri wa anga imelipia somo hili kwa damu. Usiku wa Desemba 29, 1972, ndege ya Eastern Air Lines safari namba 401 ilikuwa ikikaribia kutua Miami, Marekani, taa ya gurudumu la mbele ilipokataa kuwaka. Wahudumu wote wa chumba cha rubani walizama katika kuichunguza taa hiyo, na hakuna aliyetambua kwamba ndege ilikuwa ikishuka polepole kuelekea kwenye vinamasi vya Everglades. Watu 101 walifariki dunia. Uchunguzi ulibaini kuwa gurudumu lilikuwa limeshuka sawasawa. Kilichokuwa kimeungua ni balbu.

Miaka sita baadaye, Desemba 28, 1978, ndege ya United Airlines safari namba 173 ilizunguka karibu na Portland kwa muda wa takriban saa nzima, rubani akishughulikia tatizo la magurudumu, hadi mafuta yakaisha. Watu 10 kati ya 189 waliokuwamo walipoteza maisha. Huko chanzo kilikuwa kutu: ilikula nyuzi za fimbo ya pistoni ya mguu wa kulia, fimbo ikachomoka, mguu ukaanguka kwa kishindo na kuharibu swichi yake. Mguu ulikuwa chini. Aliyejeruhiwa ni shahidi.

Anza na dalili, si na spana

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Fundi mzuri huongeza kuwa si kila wingu lina mvua. Kabla ya kufungua bolti hata moja, auandike ugonjwa kwa maneno: nini kilitokea, katika hatua ipi, ndege ikiwa katika mwendo gani, na kama kilitokea mara moja au hujirudia. Dalili nyingi huangukia katika makundi matano.

Kundi la kwanza ni ukimya. Rubani anasogeza mkono, hakuna sauti wala mwendo. Hapa mshukiwa wa kwanza ni umeme: betri, fyuzi, au ile swichi ya kujikata ambayo mafundi huiita breka. Fundi atege sikio karibu na relei. Ikitoa mlio wa "ta" bila pampu kuzunguka, njia ya amri ni nzima, na kasoro iko kwenye ncha za relei, mota, au waya wa kurudisha umeme. Isipolia kabisa, achunguze mkono wenyewe, swichi ya shinikizo, na swichi ya usalama inayozuia magurudumu kukunjwa ndege ikiwa ardhini.

Kundi la pili ni pampu kuvuma huku miguu ikitulia. Kwanza akague kama vali ya dharura imeachwa wazi, kwa maana oili itakuwa ikizunguka na kurudi kwenye tangi bila kufanya kazi. Kisha aangalie kiasi cha oili, na kama kuna hewa iliyoingia kwenye mabomba.

Kundi la tatu ni mwendo wa kusuasua au kukwama njiani. Kuna njia rahisi ya kuigawa kesi hii mara mbili: fundi aichomoe fimbo ya silinda kutoka kwenye mguu, kisha ausogeze mguu kwa mkono. Ukiwa mzito, ugonjwa uko kwenye vyuma: bushi zilizokauka grisi, tairi linalogusa ukingo wa shimo lake, mlango uliopinda, au shokapu iliyojazwa upepo kupita kiasi. Ukiwa mwepesi, arudi kwenye oili na umeme.

Kundi la nne ni mguu kufika mwisho na taa isiwake. Fundi aihamishe balbu inayowaka aiweke mahali pa isiyowaka. Giza likihama pamoja na balbu, kesi imekwisha. Katika baadhi ya ndege, kuwasha taa za usiku huzififisha taa za magurudumu, na rubani akisahau swichi hiyo wakati wa mchana atadhani zimezimika. Baada ya hapo ndipo zifuate swichi na waya.

Lakini ipo dhambi moja isiyosameheka, nayo ni kuisogeza swichi ili taa iwake kabla ya kupima kama kiwiko kimevuka mstari wake kwa kiasi kilichowekwa na mbunifu wa ndege. Kufanya hivyo ni kumfundisha shahidi kusema uongo. Siku mguu utakapokunjika wakati wa kutua, taa itakuwa ingali inawaka kijani.

Kundi la tano ni magurudumu kuporomoka kidogo kidogo ndege ikiwa safarini, na pampu kujiwasha kila baada ya muda mfupi ili kuyarudisha. Hiyo ni dalili ya kuvuja. Kama hakuna oili inayoonekana nje, huenda inapita ndani ya silinda kwa sababu ya sili iliyochoka au uchafu. Mshukiwa mwingine ni oili yenyewe. Mitambo mingi ya ndege ndogo hutumia oili nyekundu ya madini, na sili zake zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Kuongeza mafuta ya breki ya gari kwa sababu ndiyo yanayopatikana dukani ni kuziua sili hizo: huvimba, hulainika, kisha huachia.

Juu ya jeki

Majaribio hufanywa ardhini, ndege ikiwa imeinuliwa juu ya jeki katika sehemu zilizowekwa na mbunifu, mkia ukiwa umezuiwa, na hakuna mtu aliyeingiza kichwa wala mkono kwenye mashimo ya magurudumu. Nguvu inayokunja mguu wa chuma haitambui kidole.

Ndege iungwe na umeme wa nje wenye nguvu sawa na ule inaoupata injini ikifanya kazi. Betri iliyochoka huzaa magonjwa ya uongo, na fundi anaweza kubadili pampu nzima ilhali kosa lilikuwa la betri. Kipimo cha umeme nacho kichukuliwe mota ikiwa inafanya kazi. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu utaonyesha volti kamili ukiwa umepumzika, lakini utaanguka mara tu utakapobebeshwa mzigo.

Ndege nyingi za kujiundia zina kiwiliwili cha fibaglasi, sawa na baadhi ya boti. Fibaglasi haipitishi umeme. Katika gari au ndege ya bati, mwili wenyewe hutumika kurudisha umeme kwenye betri. Hapa kila kifaa huhitaji waya wake wa kurudi, na ncha ya waya huo ikipata kutu, dalili huja na kuondoka bila mpangilio.

Kila mguu upimwe kwa saa: sekunde ngapi kupanda, sekunde ngapi kushuka, na namba hizo ziandikwe kwenye daftari la ndege. Mguu uliozoea kushuka kwa sekunde saba ukianza kuchukua kumi, umeanza kuugua hata kama taa zote zinawaka. Njia ya dharura nayo ijaribiwe kila mara. Isitoshe, mguu unaokubali juu ya jeki unaweza kukataa angani, kwa kuwa upepo huusukuma. Kwa hiyo mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa wakati wa kushusha au kupandisha magurudumu uheshimiwe bila mjadala.

Maadui wa Kyela

Kila mahali pana maadui wake, na Kyela haikosi. Wilaya hii ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi Aprili bonde lake hufurika mara kwa mara. Joto na unyevu wa ziwa ni chakula cha kutu. Ile fimbo ya pistoni ya Portland ingeweza kuota kutu hapa kwa urahisi zaidi. Ncha za waya, swichi ndogo na nyuzi za bolti zikaguliwe kwa tochi na kupakwa kinga mara nyingi kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyoagiza, kwa maana kitabu hicho hakikuandikiwa masika ya Kyela.

Adui wa pili ni tope. Tairi linaloruka kutoka uwanja wa nyasi hubeba udongo na kuupeleka kwenye shimo lake. Udongo huo hukauka, hugandamana, na safari ijayo huzuia mguu au huibonyeza swichi isivyostahili. Baada ya kila safari ya masika mashimo yaoshwe, yakaushwe, kisha yatiwe grisi.

Adui wa tatu ni wadudu. Wakazi wa ufukweni huwajua visubi wa ziwani wanaoinuka majini kwa mamilioni mfano wa moshi, na ambao nchini Malawi hukamatwa na kufanywa kitoweo. Pia kuna nyigu wanaojenga kwa udongo, wapendao vitundu vidogo. Katika baadhi ya ndege za kujiundia, magurudumu hayakubali kukunjwa mpaka swichi ya mwendo ihisi upepo kupitia bomba jembamba la kupimia kasi. Bomba likizibwa, swichi haihisi kitu, nayo magurudumu hukataa kupanda. Fundi anaweza kufumua mfumo mzima wa haidroli, kumbe mkosaji ni mdudu. Kifuniko cha bomba hilo hugharimu kidogo mno kuliko pampu.

Ziwa nalo lina sheria yake

Ziwa Nyasa liliwahi kuwa uwanja wa ndege. Kati ya mwaka 1949 na 1950, ndege za majini aina ya Solent za shirika la BOAC, katika safari ya kati ya Uingereza na Afrika Kusini, zilitua Cape Maclear, upande wa kusini wa ziwa. Hizo zilitua kwa tumbo la boti tu. Leo zipo ndege za kuunganisha nyumbani, kama SeaRey, zinazotua majini na nchi kavu, nazo hukunja magurudumu.

Kwa ndege hizo mambo hugeuka. Kutua nchi kavu magurudumu yakiwa juu mara nyingi huikwaruza ndege na kuishia kwenye hasara. Kutua majini magurudumu yakiwa chini ni hatari kubwa zaidi: maji huyakamata, pua huzama, na ndege hupinduka ikiwa na watu ndani. Rubani wa ndege ya namna hii hapaswi kuuliza tu kama taa inawaka. Anapaswa kutamka kwa sauti anatua juu ya nini na magurudumu yawe wapi, kisha ayatazame kwa macho yake. Kioo kidogo kilichofungwa mahali panapofaa ni shahidi asiyehitaji waya wala balbu.

Hitilafu ikitokea angani

Turudi kwa rubani wetu juu ya Matema. Kazi yake ya kwanza ni kuirusha ndege: apande hadi kimo salama, mbali na milima, na atazame mafuta aliyo nayo na muda anaoweza kubaki hewani. Hilo ndilo lililosahaulika Miami na Portland.

Kisha atazame breka. Novemba 1, 2011, ndege ya shirika la LOT la Poland, aina ya Boeing 767, ilipoteza haidroli baada ya kuruka kutoka Newark, Marekani. Ilipofika Warsaw ikiwa na watu 231, njia ya akiba ya umeme ilikataa kushusha magurudumu, na Kapteni Tadeusz Wrona akatua kwa tumbo. Hakuna aliyekufa. Baadaye, ndege ilipoinuliwa na breka moja iliyokuwa imeruka kurudishwa mahali pake, magurudumu yalishuka.

Baada ya breka zifuate balbu na swichi ya mwanga, kisha njia ya dharura kama kitabu cha ndege kinavyoelekeza, kwa kawaida ndege ikiwa katika mwendo mdogo. Magurudumu yakishashuka na kufungwa kwa njia hiyo, yasipandishwe tena kwa ajili ya kujaribu. Rubani anaweza kuomba watu walio chini wamtazame, lakini akumbuke mipaka ya ushahidi wao: wanaweza kuona kuwa mguu uko chini, hawawezi kuona kama umefungwa.

Uamuzi wa mahali pa kutua unahitaji hesabu. Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kutumika mwaka 2012, una barabara ndefu ya lami na zimamoto. Lakini Kyela iko takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na kati yake na Songwe kuna nyanda za juu za Rungwe, ambako mlima wenyewe unakaribia mita 3,000. Ndege ndogo yenye magurudumu yaliyoning'inia hupanda kwa shida. Hesabu hiyo ifanywe ardhini, kabla ya safari, na si katikati ya mawingu.

Kwa mbunifu aliye karakanani, ushauri ni kuishirikisha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) mapema, kabla vifuniko havijafungwa, ili wakaguzi waone kilichomo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika ndege, ufa wa kwanza huwa mdogo sana: sekunde tatu zilizoongezeka, tone la oili sakafuni, ncha ya waya iliyogeuka kijani. Aliyeuandika ufa huo kwenye daftari lake na kuuziba hatakuwa na mengi ya kujiuliza siku taa ya tatu itakapokataa kuwaka, kwa sababu atakuwa anajua mguu wake ulivyo.